Barua pepe za kampuni simuni: Nani aruhusiwe, nani azuiwe?

TUSEME karani wa hesabu wa kampuni moja ya majani chai anaishi Siongiroi, eneo la Chepalungu katika Kaunti ya Bomet. Jioni ya Ijumaa anashuka kutoka kwa matatu, anapanda bodaboda ya kumfikisha nyumbani, na anapokaribia mlango anagundua kwamba simu yake haimo mfukoni.

Bei ya simu hiyo anaijua, na hasara yake anaweza kuikadiria papo hapo. Asichoweza kukadiria ni thamani ya kilichomo ndani: barua pepe za kazini za miezi kadhaa, orodha za wakulima, nambari zao za vitambulisho, akaunti zao za benki na kiasi cha fedha ambacho kila mmoja anasubiri kulipwa.

Mfano huu ni wa kubuni, ila hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutukia kesho. Simu hupotea kila siku. Swali ni iwapo kampuni iliyomwajiri karani huyo ilikuwa imeamua mapema ni simu zipi zinazoruhusiwa kufikia seva yake ya barua pepe, na kwa masharti gani. Kampuni nyingi hazijawahi kuketi na kuamua. Mfanyakazi hununua simu, huandika anwani yake na nywila, na barua huanza kumiminika. Hakuna aliyemruhusu wala aliyemkataza.

Katika maeneo ya Kericho na Bomet, suala hili si la mabwana wa afisi za Nairobi pekee. Mkulima mdogo hupeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia chai, yanapimwa kwa mizani ya kielektroniki, na kilo zake huingia katika kumbukumbu za kompyuta. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoamua malipo yake ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka. Chai ikishatengenezwa, nyingi huuzwa katika mnada wa kila wiki mjini Mombasa, na mawasiliano kati ya kiwanda, madalali, wanunuzi, mabenki na wasafirishaji hupitia barua pepe kwa kiasi kikubwa. Wafugaji wa maziwa wa nyanda za Chepalungu nao wana orodha zao za lita na malipo. Kwa hivyo barua pepe moja ikiangukia mikono mibaya, atakayeumia huenda ni ajuza aliyechuma majani tangu alfajiri na ambaye hajawahi kuandika barua pepe maishani.

Milango mitatu ya kuingilia

Ili kuelewa jinsi ya kuzuia, ni sharti kwanza tuelewe jinsi barua inavyofika simuni.

Seva ya barua pepe ni kompyuta inayopokea, kuhifadhi na kutuma barua za kampuni. Inaweza kuwa katika chumba cha kampuni yenyewe, au ikawa imekodishwa kutoka kwa mashirika makubwa kama Microsoft na Google. Popote ilipo, simu huweza kuifikia kwa njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kupitia kivinjari, yaani mfanyakazi hufungua tovuti ya barua za kampuni, huandika nywila na kusoma. Akifunga ukurasa na kutoka ipasavyo, si mengi yanayobaki simuni, isipokuwa yale aliyoyapakua.

Ya pili ni kupitia itifaki za zamani za IMAP na POP. POP ilibuniwa mwaka wa 1984 na IMAP ikafuata mwaka wa 1986, zama ambazo hakuna aliyefikiria kwamba kompyuta ingebebwa mfukoni. Kazi yake ni kuchukua barua kutoka kwa seva na kuzionyesha, au kuzihifadhi, kwenye kifaa cha mtumiaji. Itifaki hizi hazina amri ya kumwezesha msimamizi wa seva kufuta kilichokwisha kushuka simuni.

Ya tatu ni ile inayojulikana kama ActiveSync ya kampuni ya Microsoft, ambayo huoanisha simu na seva ili barua, kalenda na majina ya watu yalingane wakati wote. Tofauti na zile za awali, njia hii humpa msimamizi uwezo wa kuijua kila simu iliyounganishwa, kuilazimisha iwe na nambari ya siri, na kuamuru data ifutwe simu ikiibwa.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kampuni huamua kuzuia simu, fundi wake akafunga ActiveSync, na wakurugenzi wakaamini kazi imekwisha. Kumbe IMAP ingali wazi, na tovuti ya barua ingali wazi. Mfanyakazi aliyezuiwa kwenye mlango wenye bawabu huzunguka na kuingia kwa dirisha lisilo na bawabu. Kampuni hujikuta imefunga njia pekee ambayo ingeiwezesha kufuta simu iliyoibwa, na kuacha zile ambazo haina usemi juu yake.

Kosa jingine ni kuzuia kwa kutazama jina ambalo simu hujitambulisha nalo inapobisha hodi. Jina hilo hutolewa na programu iliyo simuni, na mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kulibadilisha. Ni sawa na mlinzi wa lango anayemwuliza mgeni jina lake bila kumwomba kitambulisho.

Hasara zinatokea wapi?

Hatari ya kwanza ni ile ya karani wetu, yaani simu kupotea au kuibwa.

Hatari ya pili ni mfanyakazi aliyeacha kazi. Akaunti yake inasahaulika, simu yake inaendelea kupokea barua, na kwa miezi kadhaa anasoma bei na mikataba ya mwajiri wake wa zamani akiwa kwa mshindani. Sheria ya Kenya kuhusu Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inamtaka mfanyakazi anayeondoka kusalimisha nywila na haki zote za kuingia katika mitambo ya mwajiri. Sheria hiyo hiyo inamtoza anayeingia katika mitambo ya kompyuta bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Lakini sheria haiwezi kubonyeza kitufe. Ni lazima mtu fulani katika kampuni aifunge akaunti hiyo.

Hatari ya tatu ndiyo ghali kuliko zote. Tapeli hupata nywila ya afisa mmoja, mara nyingi kwa kumtumia kiungo cha tovuti bandia inayofanana na ya kampuni. Kwenye kioo kidogo cha simu ni vigumu kuiona anwani kamili ya tovuti, na hivyo ni rahisi kunaswa. Tapeli haibi chochote siku hiyo. Hukaa kimya akisoma barua, akijifunza nani humlipa nani na lini. Ankara kubwa inapokaribia kulipwa, huandika barua kwa jina la muuzaji akisema kwamba akaunti ya benki imebadilika. Fedha hutumwa kwa hiari, na kabla muuzaji halisi kuuliza malipo yake yako wapi, zimekwisha kutolewa.

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea katika mwaka wa 2023 ripoti za hasara ya takriban dola 2.9 bilioni kutokana na ulaghai wa aina hii. Mnamo Septemba 2019, Marekani ilitangaza kukamatwa kwa washukiwa 281 katika msako uliohusisha mataifa kadhaa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambako watu walikamatwa. Mwaka wa 2024, msako ulioongozwa na Interpol katika nchi 19 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulinasa washukiwa 1,006 wa uhalifu wa mtandaoni wa aina mbalimbali.

Sheria inasemaje?

Kipengele cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ilikigeuza kipengele hicho kuwa wajibu wa kila siku kwa yeyote anayehifadhi habari za watu.

Chini ya sheria hiyo, habari za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, kampuni inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu ilipofahamu. Kamishna anaweza kuitoza faini ya hadi Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Turudi Siongiroi. Simu imepotea Ijumaa jioni. Iwapo karani atangoja hadi Jumatatu asubuhi ndipo amweleze mkuu wake, siku mbili na zaidi zimepita bila yeyote kuchukua hatua. Je, kampuni inajua ni barua zipi zilizokuwa simuni? Je, simu ilikuwa na nambari ya siri? Kampuni isiyodhibiti simu haina majibu, na isiyokuwa na majibu haiwezi kumwambia Kamishna wala mkulima jambo la maana.

Hatua za kuchukua

Wataalamu wa usalama wa kompyuta hufuata kanuni moja ya msingi: kila simu izuiliwe kwanza, kisha iruhusiwe ile iliyotimiza masharti. Hii ni kinyume cha desturi ya kuruhusu wote na kuwatafuta wabaya baadaye.

Kwanza, orodhesha ni kazi zipi zinazohitaji barua pepe simuni. Meneja anayezuru mashamba na afisa wa mauzo anayezungumza na madalali wa Mombasa huenda wanaihitaji. Karani anayeketi mbele ya kompyuta ya afisi siku nzima huenda haihitaji. Kwa asiyeihitaji, zima haki hiyo katika akaunti yake.

Pili, funga IMAP na POP kwa kila mtu, isipokuwa pawepo sababu iliyoandikwa. Microsoft yenyewe ilianza Oktoba 2022 kuzima, katika huduma yake ya mtandaoni, mtindo wa zamani wa kuingia kwa jina na nywila pekee.

Tatu, weka simu mpya karantini. Seva za Exchange zina uwezo huu tangu toleo la mwaka wa 2010. Simu isiyojulikana inapojaribu kujiunga, haipewi barua. Msimamizi hupata taarifa, humpigia mfanyakazi simu kuuliza kama ni yake, na ndipo huidhinisha au kukataa. Utaratibu huu huchukua dakika chache, lakini huwazuia pia matapeli waliopata nywila na wanaojaribu kuunganisha simu zao kwa njia hiyo.

Nne, dai uthibitisho wa pili juu ya nywila, na uhusu tovuti ya barua vilevile. Hapa pana jambo la kuzingatiwa nchini Kenya. Wengi hutumia tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Mwizi aliyeiba simu anaweza kutoa kadi ya laini, akaitia katika simu nyingine na kupokea tarakimu hizo, isipokuwa kadi yenyewe iwe imefungwa kwa nambari ya siri. Wapo pia wanaoilaghai kampuni ya simu hadi iwahamishie laini ya mtu mwingine. Programu maalumu ya kuzalisha tarakimu ni salama zaidi.

Tano, weka masharti ya chini kwa kila simu iliyokubaliwa. Iwe na nambari ya siri ya tarakimu sita. Nne zina michanganyiko 10,000 tu, ilhali sita zina milioni moja. Ijifunge yenyewe baada ya muda mfupi, na data iliyomo iwe imesimbwa. Punguza pia kiasi cha barua zinazoshuka simuni: kwa wengi, za wiki mbili zinatosha.

Sita, zuia barua kujielekeza zenyewe kwa anwani za nje. Tapeli aliyeingia mara moja huacha amri ya siri ya kumtumia nakala ya kila barua, na amri hiyo huendelea kufanya kazi hata nywila ikibadilishwa.

Saba, kampuni yenye seva yake isisahau kuitunza. Mnamo Machi 2021, Microsoft ilitangaza kasoro kubwa katika seva za Exchange zilizowekwa na kampuni zenyewe, na zilizochelewa kuzirekebisha zilivamiwa kwa wingi duniani. Matoleo ya 2016 na 2019 ya Exchange yaliacha kupata usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuwadhibiti wafanyakazi huku seva yenyewe ikiwa na nyufa ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na paa.

Kufuta kwa mbali si muujiza

Wengi huamini kwamba amri ya kufuta simu kwa mbali inamaliza tatizo. Amri hiyo hufanya kazi pale tu simu inapofikia mtandao. Mwizi akitoa kadi ya laini na kuizima simu, amri itangoja seva bila kutekelezwa. Ndiyo sababu nambari ya siri na usimbaji wa data ndio kinga ya kweli. Kufuta ni nyongeza.

Isitoshe, amri ya namna ya zamani hufuta simu nzima: picha za watoto, ujumbe wa mama, rekodi za biashara ndogo ya pembeni. Simu hiyo mfanyakazi alijinunulia. Si haki kampuni kuwa na uwezo wa kuifuta bila yeye kujua na kukubali. Leo kuna programu zinazotenga sehemu ya kazi na sehemu ya binafsi ndani ya simu moja, hivi kwamba kampuni hufuta ya kazi pekee wala haioni ya binafsi. Pale ambapo programu hiyo haipo, mfanyakazi apewe fomu iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, aisome na kuitia sahihi kabla ya simu yake kuunganishwa.

Kuzuia kupita kiasi

Lipo kosa la upande wa pili. Mkurugenzi mwenye hofu anaweza kuamuru simu zote zizuiwe, bila kubakisha hata moja. Katika miji mikubwa amri hiyo ni usumbufu. Katika sehemu za mashambani inaweza kusimamisha kazi, kwa kuwa simu ndiyo kompyuta pekee ambayo wengi wanayo. Umeme ukikatika, simu ndiyo inayobaki na chaji.

Na watu hawaachi kufanya kazi kwa sababu ya katazo. Hupiga picha ya orodha kwenye kioo cha kompyuta na kuituma kwa WhatsApp. Huihamishia ankara kwenye anwani zao za binafsi, na kuisoma humo. Habari zile zile sasa ziko mahali ambapo kampuni haiwezi kuona, kufuta wala kueleza. Katazo lisilotekelezeka huzaa siri, na siri huzaa madhara makubwa kuliko yale yaliyokusudiwa kuzuiwa.

Hata hivyo, iko faida moja ya kuzuia ambayo wafanyakazi wenyewe wangeipenda. Barua ya bosi inayolia saa nne usiku si ya usalama. Ni ya saa za kazi. Ufaransa ilianza kutekeleza mwaka wa 2017 sheria inayotambua haki ya mfanyakazi kujitenga na mawasiliano ya kazi baada ya saa zake. Nchini Kenya, Seneta wa Nandi, Bw Samson Cherargei, aliwasilisha Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Ajira wa 2022 uliopendekeza haki kama hiyo, na waajiri wakaupinga. Seva inayoweza kuchagua simu ipi ipokee barua inaweza pia kuwekwa isisumbue simu usiku, bila kungoja Bunge.

Kampuni ndogo zifanyeje?

Chama cha ushirika chenye wafanyakazi wanane hakina uwezo wa kuajiri mtaalamu wa usalama. Hakihitaji. Kinachokodi huduma ya Google au Microsoft kwa anwani za kikazi kina ukurasa wa msimamizi ambamo mengi ya mambo haya huwashwa au kuzimwa. Kinachotumia anwani za bure za watu binafsi ndicho kilicho hatarini zaidi, kwa maana mfanyakazi akiondoka, huondoka na barua zote, na chama hakina ufunguo.

Kuna sheria mbili zisizogharimu chochote. Mosi, hakuna mabadiliko ya akaunti ya benki yatakayokubaliwa kwa barua pepe pekee. Mtu apigiwe simu kwa nambari iliyojulikana tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Pili, orodha za wakulima zenye nambari za vitambulisho na akaunti zisitumwe kama viambatisho. Zikae mahali pamoja na anayezihitaji azifuate huko.

La mwisho ni la utu kuliko ufundi. Mfanyakazi anayejua atakaripiwa, au atakatwa mshahara, kwa kupoteza simu, hatasema. Ataitafuta wikendi nzima, ataulizia kwa wenye bodaboda, na Jumatatu ataingia kazini kimya. Kampuni ipige marufuku adhabu kwa anayeripoti mapema, na itoe nambari moja ya kupiga saa yoyote.

Karani wetu wa Siongiroi akiwa na nambari hiyo, ataazima simu ya jirani. Katika robo saa laini itakuwa imefungwa, akaunti yake itakuwa imetolewa katika simu zote, nywila itakuwa mpya, na amri ya kufuta itakuwa inangoja simu ijitokeze mtandaoni. Atakuwa amepoteza simu, na huo ni uchungu wa kutosha kwa usiku mmoja. Wakulima ambao majina yao yalikuwa humo hawatakuwa na sababu ya kukosa usingizi pamoja naye.